Mafuta kwenye ini na mapishi ya Kusini: tupeane uzoefu

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mke wangu alipopimwa kwa altrasaundi na kuambiwa kwamba ini lake limejaa mafuta, tulishangaa, kwani pombe hajawahi kuionja. Daktari alitueleza kwamba unene wa tumboni, kisukari, vinywaji vya sukari na aina ya mafuta tunayokula vyote huchangia, na kwamba mgonjwa mnene akipunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, hata uvimbe wa ini unaweza kutulia. Nyumbani kilichobadilika zaidi ni tui la nazi, ambalo lilikuwa likiingia kwenye wali, samaki na kisamvu kwa siku hiyo hiyo; sasa tunalitia katika chakula kimoja tu, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya jamii inayoganda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha matokeo ya vijana wenye afya waliolishwa keki za ziada kwa wiki 7, baadhi zikiwa na mafuta ya mawese, yenye mengi ya jamii hiyo inayoganda, na nyingine ya alizeti, yenye machache: uzito wao uliongezeka kwa kiasi kilekile, lakini waliokula mawese ndio waliojaza ini zaidi. Mliopitia hali hii, tafadhali elezeni mlivyofanya.

Mchangiaji, Nachingwea:
Pole kwa shemeji. Baba mkwe wangu alikutwa na hali hiyo, nasi tukaacha mawese ya kupima, tukaanza kubakiza sehemu ya ufuta wetu kwa ajili ya kukamua. Tunapima kwa kijiko, maana mafuta yoyote yakizidi hunenepesha. Kipimo cha baadaye kilionyesha nafuu, ingawa aliacha na soda pia, hivyo siwezi kuupa ufuta sifa zote.

Mchangiaji, Mikindani:
Sisi tuliacha kukaanga vibua kwa mafuta yaliyokwisha kutumika, tukawa tunawachemsha kwa ndimu na nyanya. Vibua wana omega-3, aina ya mafuta yasiyoganda, ambayo husaidia kupunguza mafuta ya ini.

Mchangiaji, Newala:
Msiisahau korosho. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mengi ni yale yasiyoganda, lakini wingi huo ndio unaodai kiasi. Mama hula kiganja kimoja jioni badala ya maandazi, wala si pamoja nayo.