Naomba ushauri: bronzi yangu inatoka na vitundu kama mkate

Wakuu, heshima kwenu. Nimejenga tanuri dogo uani, ndoo ya chuma iliyosilibwa udongo ndani, mkaa na feni ya kupulizia moto. Hamu yote hii ilianzia Lamu, nilipoiona siwa ya shaba, lile baragumu kubwa la sherehe, pale makumbusho.

Nayeyusha nyaya za shaba nyekundu zilizochunwa plastiki, kisha naongeza bati kama sehemu moja kwa tisa ili nipate bronzi. Bati ninalosema si lile la kuezekea, jamani. Ni waya wa kulehemu usio na risasi. Shaba inataka nyuzi 1085 ndipo iyeyuke, na mkaa unafika, ila gunia linaisha mama watoto akinitazama tu.

Nimeshamimina mara tatu. Ya kwanza iliganda kabla ya kujaza kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo. Ya pili na ya tatu zilijaa vizuri, lakini nilipokata kwa msumeno nikakuta vitundu tele ndani. Kalibu ni mchanga wa mto niliochanganya na udongo wa mfinyanzi, naulowesha kidogo ushikane. Nahisi ni unyevu, au naipika shaba muda mrefu mno ikanywa hewa. Niikaushe kalibu motoni kwanza, au nihamie njia ya nta ya nyuki, ile ya kuunda umbo kwa nta, kulifunika udongo, kisha kuiyeyusha nta itoke?

Jirani ananishauri niyeyushe koki kuukuu. Nimekataa, maana zile zina zinki, inachemka kwenye nyuzi 907 na moshi wake unaleta homa. Au naogopa bure?