Binti ana ofa mbili za kukimbia riadha vyuo vya Marekani, na vyuo vinahamahama konferensi. Tuchague kipi?

Mjomba wa Mbulu (mleta mada)
Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo yenu, maana nyumbani tumegawanyika na kocha mmoja anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, anakimbia mita 1500 na 5000. Ana ofa mbili za vyuo vya Marekani, vyote Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Ya kwanza ni ya chuo cha konferensi ya Mountain West ambacho Julai 1, 2026 kinahamia konferensi ya Pac-12. Wanatoa ada, chumba, chakula, vitabu na bima ya afya. Ya pili ni ya chuo cha konferensi ya Big 12, jina kubwa, uwanja wa futiboli ya Kimarekani unaojaa hadi watu wanasimama. Ila hawa wanalipa ada na nusu ya malazi, kinachobaki tujitafutie.

Dada anasema tuchukue inayolipa yote, mjadala umekwisha. Shemeji anashinda YouTube, anasema Pac-12 ilishakufa na tunampandisha mtoto jahazi linalozama. Hii konferensi ni kitu gani hasa, na inamhusu vipi mtoto wa mbio ndefu? Chuo kikihama, skolashipu inakuwaje?

Kipenga cha Mwisho
Mkuu, konferensi ni kundi la vyuo vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe na kuuza haki za televisheni kwa pamoja. Zamani walikuwa majirani. Siku hizi anayepanga ujirani ni mwenye kamera.

Shemeji hajakosea sana, ila habari yake imeishia 2023. Juni 2022 UCLA na USC, vyuo vya Los Angeles, walitangaza kuiacha Pac-12 na kwenda konferensi ya Big Ten. Julai 2023 Colorado akarudi Big 12. Pac-12 ikawa inahangaikia mkataba mpya wa matangazo, na mezani kukawa na ofa ya Apple ya kuonyesha mechi mtandaoni ambayo wengi hawakuipenda. Agosti 4, 2023, siku moja tu, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah wakienda Big 12. Mwezi uliofuata Stanford na Berkeley wakachukuliwa na ACC. Ndiyo, vyuo vya California kwenye konferensi ya pwani ya Atlantiki. Hapo ndipo niliacha kutafuta mantiki ya ramani.

Wakabaki Oregon State na Washington State. Wakaenda mahakamani, wakaachiwa usukani wa konferensi na fedha zake, halafu 2024 wakageukia Mountain West na kuchukua Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State. Gonzaga na Texas State wakaongezwa. Kwa hiyo Pac-12 anayokwenda mpwa wako imebaki na jina tu la ile ya zamani. Wenyeji ni wengine, na hela za televisheni haziwezi kulinganishwa na za Big Ten au SEC, konferensi zenye hela nyingi.

Mountain West nao wanaziba mapengo. UTEP, Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, inaingia humo 2026.

Babu Kidoti
Umenikumbusha mbali kwa kuitaja UTEP. Ndiko alikosoma Suleiman Nyambui wetu. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5000 kule Moscow, na mwaka huo huo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani. Tangu hapo UTEP imeshahama konferensi na sasa inahama tena. Medali ya Nyambui haijahama.

Mtoto wa Mjini
Nyie mnazungukazunguka. Big 12! Wanamichezo wa vyuo wanalipwa siku hizi. Tangu mahakama ipitishe yale makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo kuidai NCAA malipo, Juni 2025, chuo kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hela, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26. Mtoto asome na hela aingize.

Dada wa Iten
Taratibu kaka. Nimekimbia huko hadi nikahitimu, acha niongee.

Sehemu kubwa ya hizo milioni inakwenda kwa vijana wa futiboli na mpira wa kikapu. Halafu mpwa atakuwa na viza ya F-1, ya mwanafunzi, ambayo imebana sana kazi za malipo. Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa, isizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Hizo za udhamini na mgao ni eneo la hatari kwa mgeni. Kocha akimwahidi hela ya namna hiyo, waulizeni kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na jibu litoke kwao, si kwa kocha.

Sasa konferensi. Mkimbiaji anaiona mara tatu kwa mwaka: mbio za nyika karibu na mwisho wa Oktoba, mashindano ya ndani ya ukumbi mwishoni mwa Februari, na ya uwanjani mwezi Mei. Basi. Mashindano mengine kocha anachagua mwenyewe. Kufuzu fainali ya taifa ya nyika hakupitii konferensi kabisa. Nchi imegawanywa kanda tisa, timu mbili za juu za kila kanda zinapita, nyingine 13 zinachaguliwa, jumla 31. Uwanjani kuna mchujo wa mashariki na wa magharibi. Chuo kikihama konferensi, kanda yake ya nyika iko pale pale kwa sababu majengo hayajahama. Waliobebeshwa mzigo ni watoto wa voliboli na softiboli, wanaopanda ndege kuvuka nchi wakati wenzao wako darasani.

Na jina la konferensi haliongezi kasi. Northern Arizona wako Big Sky, konferensi ambayo shemeji hataikuta YouTube, na wanaume wao walibeba taji la taifa la nyika mara sita kati ya 2016 na 2022. Wasichana wa New Mexico walibeba 2015 na 2017 wakiwa Mountain West hiyo hiyo. Ni kweli Doris Lemngole amechukua ubingwa wa nyika 2024 na 2025 akiwa Alabama, kule SEC kwenye hela. Bingwa anaweza kutoka popote.

Hamahama inauma kwenye bajeti. Chuo kikipata pungufu, au kikitaka kuwalipa vijana wa futiboli, mkasi unaanzia michezo isiyoingiza kitu. Na vyuo vilivyojiunga na mpango wa House vina ukomo wa kikosi, nyika watu 17 na riadha watu 45, kwa hiyo hakuna tena kubeba watu wa ziada. Washington State, chuo cha Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, 2025 walifuta mirusho na miruko, wakabana mbio fupi na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Kwa mtoto kama wenu hiyo ni neema. Mrusha mkuki aliyekuwa amesaini ndiye wa kuhurumiwa.

Mjomba wa Mbulu (mleta mada)
Dada, Mungu akubariki. Nina mawili. Kocha akiondoka je? Na kile ambacho Big 12 hawalipi, inawezekana akakifidia kwa hizo kazi za saa 20?

Dada wa Iten
La pili kwanza, maana ndilo litakalowakwamisha. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka muonyeshe fedha za kuziba pengo la mwaka wa kwanza. Taarifa ya benki, na barua ya mwenye akaunti anayemdhamini. Ubalozini mtaulizwa tena. Kazi ya chuoni haihesabiwi hapo kwa sababu hajaipata. Waombeni wawaandikie kiasi kamili kinachobaki, kwa dola, muone kama familia inakifikia bila kuuza shamba.

Kocha kuondoka ni jambo la kawaida. Tangu 2024 mwanariadha anaweza kuhamia chuo kingine na kukimbia mara moja, ilimradi masomo yake yako sawa, ila I-20 lazima ihamishwe kabla hajabeba begi. Na skolashipu inatolewa na chuo, si konferensi. Ile barua ya zamani ya kujifunga kwa chuo ilifutwa Oktoba 2024. Atakachosaini ni makubaliano ya msaada wa fedha. Someni mstari kwa mstari: ni ya mwaka mmoja au minne? Akiumia je?

Mama Nyika
Ongezeni na likizo. Ya mwanangu iliitwa ya kulipiwa yote, lakini Krismasi bweni lilifungwa na jiko la chuo likafungwa. Alihifadhiwa na familia ya mchezaji mwenzake. Kiangazi nako chumba kilikuwa juu yake, na tiketi ya ndege sikuiona popote kwenye barua.

Mjomba wa Mbulu (mleta mada)
Mrejesho, wakuu. Big 12 wametuma hesabu. Kinachobaki kwa mwaka kinazidi mshahara wangu na wa dada tukichanganya, na shemeji amenyamaza. Chuo cha kwanza wanasema barua ni ya mwaka mmoja, inarudiwa kila mwaka, kiangazi hakimo. Kocha ametuma ujumbe wa sauti WhatsApp kwamba hajawahi kumnyima msichana wake mwaka wa pili.

Dada wa Iten
Sauti ya WhatsApp haina saini. Mwombeni barua ya miaka minne. Akisema haiwezekani, aandike kwa barua pepe, na nakala iende kwa anayeshughulikia masharti ya NCAA pale chuoni. Mwulizeni pia ana wasichana wangapi wa mbio ndefu msimu ujao na wangapi wanahitimu. Akijibu hayo bila kuzunguka, mimi ningesaini. Nitumie muda wake wa 5000 kwa ujumbe binafsi, nikwambie kama una nguvu ya kudai hiyo minne.