Kupiga picha za maua nje: nibaki na simu, nichukue kamera ya mtumba, au nisubiri lenzi ya makro?

Jani_Kavu
Wakuu, habari za jioni. Nimevutiwa na kupiga picha za maua, na ninachotaka ni ya nje: mabugenvilia ya uani, maua pori ya kando ya barabara huku Mbeya, na Mungu akijalia, hifadhi ya Kitulo msimu ujao. Simu yangu ni ya bei ya kati, ina kamera tatu nyuma na moja wanaiita ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Nimetenga laki saba.

Nimekwama kati ya njia tatu. Kwanza, nibaki na simu na kununua ile lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera. Pili, nichukue DSLR (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) ya mtumba na lenzi yake ya kawaida ya zumu, milimita 18-55. Tatu, nivumilie, nikusanye zaidi, ninunue lenzi ya makro moja kwa moja. Kinachonisumbua kwa sasa ni mambo mawili: ua jeupe linatoka bapa kama karatasi, halina hata mshipa, na nyuma ya ua kila kitu kinaonekana hadi kamba ya nguo.

Fundi_Lenzi
Mkuu karibu. Hayo mawili yanatibika leo bila kutoa hata mia, kwa hiyo usiende dukani kwa sababu yake.

Ua jeupe: kamera hupima mwanga wa eneo zima. Ukiweka ua dogo jeupe mbele ya majani ya kijani kibichi, yenyewe inaona giza, inaongeza mwanga, majani yanapendeza na petali zinaungua. Petali ikishaungua hakuna programu ya kuirudisha. Kwenye simu gusa ua kwenye kioo, shikilia kidole mpaka ijifunge, kisha ile alama ya jua iteremshe hadi uanze kuona mishipa ya petali. Majani yakiwa meusi kidogo, sawa, utayainua baadaye.

Kamba ya nguo: hapa ni umbali. Mandhari ya nyuma hufifia pale wewe unapokuwa karibu na ua NA ua likawa mbali na kilicho nyuma yake. Wengi wanalijua la kwanza tu. Ua lililoegemea ukuta halitajitenga na ukuta hata kwa lenzi ya mamilioni. Chagua tawi lililochomoza, halafu zunguka hadi nyuma yake kuwe na kivuli au nyasi za mbali. Hatua moja kushoto inabadilisha picha kuliko kubadilisha kamera.

Asumini_Pwani
Nakubaliana na Fundi, na mimi niko upande wa simu wazi kabisa. Ila kaka, hiyo kamera ya "makro" iache. Kwenye simu nyingi za bei ya kati ni ya megapikseli 2, na inataka ukaribie sentimita nne hivi. Kwa umbali huo simu yenyewe inatia kivuli juu ya ua, na picha ukiikuza inavunjika. Tumia kamera kuu, simama mbali kidogo, zumu mara mbili, kisha kata pembeni. Lenzi za kubana zina shida hiyohiyo ya kukaribia mno, na nyingi zina kingo zenye ukungu: katikati pakali, pembeni pametota.

Kinachobadilisha picha ni saa. Huku kwetu pwani jua la saa tano hadi saa tisa halifai, linaanguka wima na kila petali inapata doa jeupe na kivuli cheusi. Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kufunga kazi saa mbili na nusu. Upepo haujaamka, umande upo, mwanga unatoka ubavuni. Siku ya mawingu ndiyo sikukuu kwa mtu wa maua, maana wingu zima linakuwa taa moja laini. Jua likikuwahi, mwombe mtu ashike kanga nyeupe au kipande cha shashi kati ya jua na ua, na upande wenye kivuli weka karatasi ya foili ya jikoni irudishe mwanga. Vifaa hivyo viwili ni vya bei ya soda.

Jua pia tabia ya ua lenyewe. Asumini hufunguka magharibi kuelekea usiku, ndiyo maana wachumaji huchuma matumba alasiri. Ukiamka nayo asubuhi utakuta limechoka. Mlangilangi huning'inia, ukipiga kutoka juu unapata mgongo tu. Lala chini.

Nai_Jacaranda
Niko Nairobi, na nitapinga kidogo. Simu ni nzuri kwa mti. Kuanzia Septemba mwishoni hadi Novemba jakaranda zikichanua hapa mjini, simu inatosha kabisa kwa mwavuli wa zambarau na maua yaliyotandaza lami. Lakini ua moja? Sensa ya simu, yaani kile kipande kinachopokea picha, ni ndogo mno, kwa hivyo nyuma inabaki kali kwa umbile lake. Halafu watu wanatumia ile modi ya potreti, na programu inakata ncha za petali na nywele za bua kama imetumia makasi. Ua lina kingo nyingi nyembamba, modi ile ilitengenezwa kwa nyuso za watu.

Mimi ningesema chukua DSLR ya mtumba. Lenzi ya 18-55 watu wanaidharau bure. Iweke kwenye 55, fungua tundu la kupitisha mwanga hadi mwisho, yaani f/5.6 (namba ikiongezeka tundu linapungua), sogea. Nyingi zinashika fokasi, yaani picha inakuwa kali, kwa sentimita 25, na hizo zinapimwa kutoka kwenye sensa, si kutoka kwenye kioo cha mbele, kwa hivyo unakuwa karibu sana. Ukifika hapo, ua linachorwa kwenye sensa kwa karibu thuluthi moja ya ukubwa wake halisi. Fremu nzima inabeba kitu cha upana wa sentimita sita, saba. Waridi linaijaza. Bugenvilia lako utaona hata kile kiua cheupe cha katikati, ambacho ndicho ua lenyewe. Zile karatasi za rangi ni majani tu yaliyojipamba.

Na faida nyingine hakuna aliyeitaja: faili ghafi, ile RAW, ambayo kamera haijaichakata na wewe unairekebisha baadaye. Simu nyingi za kati zinakupa JPEG iliyokwisha kupikwa.

Mjukuu_wa_Lushoto
Naunga mkono Nairobi kwa sababu moja: kivuli cha msitu. Kule Amani na misitu mingine ya Usambara kuna yale maua madogo ya zambarau ambayo dunia nzima inayaweka madirishani, Saintpaulia, yaliyopewa jina la Mjerumani aliyeyapeleka kwao miaka ya 1890. Porini yanaota kwenye miamba yenye unyevu chini ya miti mikubwa. Saa nne asubuhi mle ndani bado ni kama jioni. Simu inapandisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), picha inajaa chenga, kisha inajaribu kuzisafisha, inafuta na vinyweleo vya jani, na vinyweleo ndio uzuri wa mmea ule. Kamera juu ya tripodi, ISO 100, shata (muda wa kupokea mwanga) ya nusu sekunde, umemaliza. Mle ndani upepo hakuna.

Kwa hiyo swali kwa mleta mada: utapiga wapi zaidi? Uwanda wa wazi au msituni?

Jani_Kavu
Asanteni sana, nimeshaanza kuona. Mkuu wa Lushoto, kwangu ni uwanda wa wazi, na ndio unaonitisha: huku juu upepo haupoi. Na dada Asumini, jana jioni nimejaribu kuteremsha mwanga kama Fundi alivyosema, ua jeupe limekubali, mishipa imetokea! Ila jekundu la kwenye mti wa krismasi bado linatoka donge moja la rangi. Je, hapo makro ingesaidia?

Fundi_Lenzi
Hapana, makro haihusiki. Kamera inapokea nyekundu, kijani na bluu kila moja kivyake. Kwenye ua jekundu nyekundu inajaa pomoni wakati zile mbili bado, na kipimo cha jumla kinakuambia mwanga uko sawa. Teremsha zaidi ya ulivyozoea, na ukiwa na kamera tazama histogramu (grafu ya mwanga) ya rangi tatu, si ile ya jumla. Maua ya krismasi na haibiskasi nyekundu yapige kivulini au siku ya wingu.

Upepo: shata isiwe ya polepole kuliko 1/250 ya sekunde, ukiweza 1/500, na ISO 400 hadi 800 usiiogope. Subiri. Upepo una pumzi, unavuma na kutulia; ua likifika mwisho wa kuyumba linasimama kidogo kabla ya kurudi, bonyeza hapo, piga mfululizo picha nyingi. Nyumbani unaweza kuchomeka kijiti na kukibana kwenye bua kwa kibanio cha nguo.

Sasa kuhusu njia yako ya tatu. Lenzi ya makro ni kitu kizuri, sitasema vinginevyo, ila kwa anayeanza kuna njia ya nne ambayo hujaitaja: pete za kurefusha lenzi. Ni pete tupu, haina kioo ndani, unaiweka kati ya bodi ya kamera na lenzi, na lenzi inaanza kushika fokasi karibu zaidi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inaongeza nusu ya ukubwa halisi. Ile 50mm f/1.8 ya Canon peke yake inafika 0.21, ukiongeza pete unakuwa karibu 0.7, fremu inabeba kitu cha sentimita tatu. Hapo unahesabu chavua. Makro kamili ni 1, yaani ukubwa halisi, kwa hiyo unaona pengo si kubwa.

Tahadhari mbili. Nunua yenye vishikizo vya umeme vya dhahabu pande zote mbili, la sivyo kamera haitaweza kubadilisha tundu. Pili, kwa ukaribu huo kina cha fokasi, yaani unene wa eneo lililo kali, ni kama milimita moja tu au chini yake, f/1.8 itakupa ncha moja ya stameni na ukungu. Funga hadi f/8 au f/11. Ndiyo maana nasema 18-55 kwanza, 50 na pete baadaye.

Chimala57
Mimi nakaa njiani kwenye zile kona hamsini na saba za kupandia Kitulo, niruhusuni niseme juu ya lengo lenyewe, maana naona vifaa vimekula mjadala. Mdau, usimalize laki saba yote dukani ukakosa nauli na siku mbili tatu za kukaa juu.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ukifika Januari au Februari hutauliza kwa nini. Uwanda uko kama mita 2,600 juu ya bahari, na wameorodhesha aina zaidi ya 40 za okidi. Maua ni ya majira ya mvua, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo jiandae kwa barabara ya utelezi, ukungu na baridi ya kweli. Ukungu usiukimbie, huo ndio mwanga laini ambao Asumini anautafuta kwa kanga. Betri hushuka haraka kwenye baridi, ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Beba mfuko wa nailoni wa kupigia magoti, maana okidi nyingi ni fupi na ukizipiga ukiwa umesimama utapata picha ya nyasi.

Halafu hili nalisema kwa uchungu. Okidi zetu zinachimbwa mizizi yake, inavushwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha kule. Zima GPS ya kamera ya simu kabla ya kupiga picha ya okidi, au ufute mahali palipohifadhiwa ndani ya picha kabla ya kuiweka mtandaoni, na usiandike bonde gani. Hicho kijiti na kibanio cha Fundi kiache nyumbani, hifadhini usiguse bua, using'oe nyasi inayokuzibia, wala usikanyage kumi ili ulipige moja. Njia ipo, pita humo.

Fundi_Lenzi
Chimala uko sahihi, kibanio ni cha uani tu.

Asumini_Pwani
Ahsante Chimala, la GPS sikuwahi kuliona likisemwa na ni kubwa. Bado nasema apande Kitulo na simu kwanza. Msimu mmoja wa simu utamfundisha mwanga na kuinama, kamera haitamkimbia.

Nai_Jacaranda
Nami bado nasema kamera, safari ya mbali kama hiyo hufanyi kila mwezi, na maua madogo ya nyasini kwa simu yatamvunja moyo. Hapo tutofautiane tu, dadangu.

Jani_Kavu
Nimewasikia wote. Nitakwenda na simu uani hadi Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nizoee mwanga na nyuma ya ua. Mwezi huo natafuta bodi ya mtumba na 18-55, pete nitaangalia mwakani, na sehemu ya pesa inabaki kwa Kitulo. Fundi, nikienda kuikagua kamera niangalie nini?

Fundi_Lenzi
Nenda na memori kadi yako na tochi. Toa lenzi, mulika kutoka nyuma uangalie kwa mbele: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu wa kuvu, iache, hasa ikiwa imetoka pwani. Piga anga tupu kwa f/16, ukuze picha: madoa ya vumbi yanasafishika, mstari uliosimama haufai. Weka 55, shika fokasi kwenye kitu cha karibu kabisa, sikiliza kama mota inakwaruza. Omba kuona idadi ya shata, yaani picha ngapi kamera imeshapiga. Na jaribu betri kwa kupiga mfululizo kwa dakika kadhaa, usikubali "itachajiwa nyumbani".

Jani_Kavu
Nimenakili yote kwenye daftari. Nikipata bodi nitaweka picha za lenzi hapa mniangalizie kabla sijalipa.