Protini yote inaishia kwenye mashapo nikiotesha kwa nyuzi 37, nishushe hadi ngapi?

Muulizaji:
Wakuu, nina protini ya kDa 42 (kipimo cha uzito wa protini), lebo ya His (mkia wa histidini unaonasa nikeli) upande wa N, yaani mwanzoni mwa protini, ndani ya BL21(DE3), aina ya bakteria E. coli. Naotesha kwa 37°C, OD600 (kipimo cha wingi wa seli) ikifika 0.6 naweka IPTG (kemikali inayowasha utengenezaji wa protini) mM 1, navuna baada ya saa 4. Kwenye jeli (inayotenganisha protini kwa ukubwa), seli nzima zinatoa mstari mnene, lakini nikishapasua seli na kuzungusha kwenye sentrifuji, karibu yote iko kwenye mashapo. Kidogo kinachoyeyuka kinakuja na vipande vya kDa 25 hadi 30. Nikishusha hadi 18, matatizo yote mawili yataisha?

Mchangiaji 1:
La mashapo, huenda likaisha. Kwa 37 ribosomu zinatoa protini haraka kuliko inavyowahi kujikunja, na sehemu zake zinazokimbia maji zinanasana. Baridi inapunguza kasi hiyo na kulegeza kunasana kwenyewe. Ila usioteshe kwa 18 tangu mwanzo, utasubiri mno. Fika OD 0.6 kwa 37, hamishia flaski kwenye 18, subiri angalau dakika 30, ndipo uweke IPTG, mM 0.1 hadi 0.2 inatosha. Wengi huharibu hapa: wanaweka IPTG kwanza, halafu wanabadilisha namba kwenye mashine. Lita nzima haipoi papo hapo, kwa hiyo protini ya mwanzo inatengenezwa kwenye joto na kuganda vilevile. Vuna baada ya saa 16 hadi 20.

Mchangiaji 2:
Vipande ni kesi nyingine. Kabla ya kupasua, chukua ml 1, zungusha, mwaga maji, chemsha seli moja kwa moja kwenye bafa ya SDS (sabuni inayokunjua protini) dakika 5. Linganisha na sampuli iliyopasuliwa. Vikionekana kwenye hiyo ya pili tu, joto la kuotesha halihusiki: pasulia kwenye barafu, na PMSF (inayozuia protiezi, vimeng'enya vinavyokata protini) mM 1 iingie dakika ileile, maana huharibika ikikaa majini. EDTA iache kama unakwenda kwenye safu ya nikeli ya kusafishia protini, maana hung'oa nikeli. Vikiwemo kwenye zote mbili, ama seli hai inavikata (BL21 haina protiezi za Lon wala OmpT, lakini ClpP na DegP zipo), ama ribosomu inakwama kwenye kodoni adimu (herufi tatu za jeni ambazo seli hizi huzitumia mara chache). Na kwa lebo ya upande wa N, hivyo vilivyokatikia njiani navyo vitanasa kwenye safu.

Mchangiaji 3:
Vipande vikiongezeka ukishusha joto, usishangae. Protini iliyoganda haifikiwi kirahisi na protiezi. Iliyoyeyuka bila kukunjika sawasawa ndiyo chakula chao. Kwa hiyo 18 si dawa ya kila kitu. Tenga flaski nne za ml 20: 37, 30, 25 na 18. Pakia jeli kwa OD sawa, seli nzima kando ya sehemu inayoyeyuka. Kama 25 inayeyusha kiasi kilekile cha 18, bakia 25, utavuna mapema zaidi.

Muulizaji:
Na 18 nayo ikigoma?

Mchangiaji 1:
Jaribu lebo ya MBP (protini inayosaidia nyingine kuyeyuka), au ArcticExpress, aina ya E. coli yenye Cpn60 na Cpn10, protini zinazosaidia nyingine kujikunja, za bakteria wa baharini Oleispira antarctica, zinazofanya kazi hata kwa nyuzi 12. Ukiona mstari karibu na kDa 60 baada ya safu, ni Cpn60 imeshikamana na protini yako.