Naomba ushauri: nimtembeze shangazi wapi hapa Lubumbashi?

Ndugu zangu, shangazi anakuja toka Kalemie, na Jumamosi nzima ni yetu sisi wawili. Ziwa Kipopo nimelifuta: mtu aliyezaliwa kando ya Tanganyika umwonyeshe ziwa gani? Yeye anataka lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kilima chake cheusi cha masalio ya kuyeyusha shaba, maana babu yetu aliyeyusha shaba pale enzi za Union Minière, kampuni ya wakoloni Wabelgiji. Tuvitazame toka upande gani, tupige picha bila kusumbuliwa?

Magoti yake yanauma. Makumbusho na bustani ya wanyama vinawezekana siku moja? Mimi ningeacha wanyama.

Halafu michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma: tuile mtaa wa Kenya ama wa Kamalondo? Bukari, yaani ugali, iwe ya moto lakini, ikipoa atanisema mpaka Kalemie.