Ushauri jamani: mchana natetemeka, usiku nakula kama nimetumwa. Ndiyo kisukari hiki?

Fundi wa Majengo: Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 27, nashona nguo hapa Moshi. Send-off yangu ni Desemba, nikaamua kupunguza mwili. Asubuhi chai ya rangi kavu, mchana sigusi kitu. Shida ni saa nne usiku wenzangu wakilala: chipsi mayai sahani mbili, mandazi yaliyobaki, soda, kisha nakomba kiporo cha machalari kwenye sufuria, nimesimama gizani. Hata ladha siisikii. Nikimaliza nalia. Wiki tatu sasa, ikifika saa tano asubuhi mikono inatetemeka, jasho linanitoka, nashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Kwetu kisukari kipo. Kuna dawa ya asili?

Mzee wa Mtori: Binti, Uchagani nani alikwambia mwili ni kosa? Piga mtori asubuhi, hilo jini la saa nne litahama lenyewe.

Kiboriloni Yetu: Usicheze na sukari. Baba yangu alichubuliwa na kiatu cha mtumba, tena kilikuwa kizuri, ngozi tupu. Kidonda miezi miwili hakifungi, mwisho kidole kikakatwa. Mpaka leo kile kiatu kingine kipo uvunguni, mama hataki kitupwe.

Nesi Zamu ya Usiku: Mdogo wangu, sukari ikipanda utaona kiu, mkojo wa mara kwa mara, uchovu, macho kufifia. Wengine hawaoni chochote kwa miaka. Kutetemeka na jasho ni zaidi dalili ya sukari kushuka. Umepima? Na unameza nini?

Fundi wa Majengo: Nilipima asubuhi kabla ya kula, 6.6. Simezi kitu.

Nesi Zamu ya Usiku: Kisukari ni kuanzia 7.0, na kipimo hurudiwa. Wewe hujaingia ila umeshika kitasa. Narudia: unameza nini?

Fundi wa Majengo: Basi msinirushie mawe. Mama anatumia glibenklamaidi, vidonge vya kisukari. Nachukua kimoja kila asubuhi kichome vile vya usiku. Gauni nimeshalikata, kiuno inchi 28, kitambaa hakirudi dukani. Na vidonge vyenyewe vipo vingi.

Nesi Zamu ya Usiku: Acha leo. Kidonge kile hakichomi chakula, kinaikamua kongosho itoe insulini. Tumbo tupu, sukari inaporomoka, utaanguka juu ya cherehani. Ukianza kutetemeka kunywa soda yenye sukari, kisha ule chakula, maana dawa hiyo inakaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena. Halafu nenda hospitali ya Mawenzi, umwambie daktari yote, na ya gizani pia. Ulaji huo ni ugonjwa, unatibika. Na huo mfungo wako wa mchana ndio unaokupeleka kwenye sufuria.

Kahawa Chungu: Chai hii, na sukari imezidi. Mleta uzi, kwenye uzi wako wa kiwanja uliandika "marehemu mama yangu". Amefufuka na vidonge?

Mzee wa Mtori: Ala! Kumbe mtori wangu nimempa mzimu.

Binti Rau: Hata kama ni chai, tupo tunaosoma kimya. Mimi maandazi nayaficha kwenye ndoo ya nguo chafu. Nesi, endelea.

Fundi wa Majengo: Aliyefariki ni mama mzazi, kwa hicho hicho kisukari. Mwenye vidonge ni mama mdogo, ndiye aliyenilea. Kwenu mama mdogo si mama? Na leo amevihesabu. Anagonga mlango sasa hivi.

Nesi Zamu ya Usiku: Mfungulie, umwambie umemeza vingapi.

Kahawa Chungu: Anagonga na bado unachapa? Haya.