Naomba ushauri: matembezi mepesi ya mashambani na msitu wa kale karibu na London

Ndugu wanachama, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kutembea mashambani Uingereza. Mama yangu atanitembelea London mwanzoni mwa Mei, na ningependa aone mashamba pamoja na msitu wa kale, yaani ule uliokuwepo tangu mwaka 1600 au kabla yake, wakati maua ya buluu yametandaa chini ya miti. Goti lake linamsumbua, hivyo natafuta njia isiyozidi kilomita tano.

Burnham Beeches, msitu ulio magharibi mwa London, ina miti mikongwe ya ajabu, iliyokuwa ikikatwa vichwa zamani ili ichipue kuni, lakini mashamba ndiyo hasa anayoyataka mama. Great Missenden, kijiji kinachofikika kwa treni kutoka stesheni ya Marylebone mjini London, ina vyote viwili, ila vilima vyake vinanitia shaka.

Kinachonisumbua zaidi ni vile vipandio vya mbao vya kuvukia uzio, kwa sababu ramani ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) ya kipimo cha 1:25,000 huonyesha njia za umma kwa vistari vya kijani bila kuonyesha vipandio hivyo. Je, kuna njia mnayoijua yenye mageti tu, bila vipandio? Pia, tukikuta ng'ombe wenye ndama katikati ya njia, tuwazunguke kwa umbali gani? Mama amefuga maisha yake yote, ila hawa wa huku huachwa malishoni bila mchungaji.

Mwenye kujua hali ya matope msimu huo anijuze pia, ili nimnunulie viatu vinavyofaa.